Mama Robi Alipokataa

Niliondoka Kehancha nimenuna. Utafiti wetu wa dawa ya malaria ulikuwa umesimamishwa. Msimamizi wetu, Bwana Chacha, aliwauliza akina mama watatu walitia saini fomu ya ridhaa kwa ajili ya nini, nao wakajibu, "Sista ndiye alituambia." Sista mwenyewe ni mimi, muuguzi wa zahanati. Nisingejifunza upya kuomba ridhaa, zahanati yetu ingetolewa kwenye utafiti. Na darasa lilikuwa kwa nani? Kwa washindani wetu wa shirika jingine la utafiti huko Mbita, ambao sasa walikuwa wakifunza wahudumu wa shirika lolote.

Asubuhi nilipita Migori, adhuhuri Homa Bay. Bonde la Lambwe sikuliona vizuri, kwa kuwa nilikuwa nikipanga visingizio.

Jioni, Mbita, nilipokewa na mkufunzi wao, Akinyi. Angeweza kuwa binti yangu, jambo lililozidi kuniudhi.

"Karibu, sista. Hapa hakuna mambo ya kwenu na kwetu," akasema.

Siku ya pili tulivuka hadi kisiwa cha Rusinga kufanya mazoezi kwa Mama Awuor, mkulima aliyejitolea. Alituandalia ugali na samaki, tukala tukashiba. Kisha nikamsomea fomu bila kukwama hata neno moja, akatia saini papo hapo. Nikamtazama Akinyi kwa maringo.

"Mama, umekubali nini?" Akinyi akauliza.

Mama Awuor akacheka. "Mimi sijui. Lakini mtu amekula kwangu, nitamwambia aje hapana?"

Niliona aibu, tena kubwa. Kwetu Kuria ni vivyo hivyo, na miaka yote hiyo nimekuwa nikimaliza uji wa watu ndipo natoa kalamu.

"Kula, sista, usikatae," Akinyi akaniambia. "Lakini kalamu ibaki kliniki. Karatasi ilale kwao, kesho mama akuelezee kwa maneno yake."

Siku zilizobaki sikununa tena. Nami niliwaonyesha tunavyotoa damu kisiginoni mwa mtoto mchanga bila kilio kirefu, na Akinyi akaandika kila hatua. Tuliagana nikiwa na cheti kinachokubaliwa na mashirika yote mawili.

Niliporudi Kehancha nilianza na Mama Robi, ambaye mtoto wake alifaa kuingia kwenye utafiti. Nikala kwake, nikaeleza, nikaacha karatasi. Kesho yake alikuja zahanati, Bwana Chacha akiwa ameketi pembeni anasikiliza, aone kama nimejifunza. Mama Robi akaeleza yote: dawa zinazolinganishwa ni mbili, mtoto atatolewa damu mara nne, na mama anaweza kumwondoa kwenye utafiti siku yoyote.

"Nimeelewa," akamaliza. "Na nimesema hapana. Hiyo damu ni mingi kwa mtoto yangu."

Bwana Chacha akafunga daftari lake.

"Huyu anajua anachokataa. Sista, utafiti uendelee."

Nilimkumbatia Mama Robi kwa furaha hadi leso ikamdondoka.

"Kwani si nimekukatalia?" akashangaa.

"Umenikatalia vizuri sana, mama."