Ufunguo wa Mkaguzi

Mkaguzi wa manispaa hapazi sauti, na hilo ndilo linalotutisha. Akija Husby, mtaa huu wa ughaibuni tunakojenga, hupiga magoti kando ya njia ya waenda kwa miguu, huvua glavu, kisha huparuza zege kwa ufunguo wa nyumba yake. Lisipofikia kiwango linavunjwa, na sisi tunaachishwa kazi. Jana jioni mwenzetu Firmin alilimwagia zege jipya maji lisipasuke, kama tulivyozoea kwetu Bukavu kwenye joto, na usiku baridi ikayagandisha. Leo ufunguo ulipopita, zege likabanduka kama magamba ya samaki. Bibi mmoja akaja akisukuma kigari chake cha kutembelea. Mkaguzi akamzuia haraka asijikwae hapo.

“Mama yako angepita hapa?” mkaguzi akamuuliza Firmin, polepole.

Firmin alikwenda kuchukua nyundo ya kulivunjia zege.