Kikadi cha Mama

Baba yangu ni fundi viatu, na kasoro yake ni ileile anayosifiwa nayo: utaratibu. Kila jozi inayoingia kibandani huandikiwa kikadi, jina la mwenyewe na siku ya kuchukua, kisha hutundikwa msumarini kwa zamu. Kisicho na kikadi hakina zamu.

Mama alipeleka viatu vyake vyeusi, soli ya kulia imeachama, wiki tatu kabla ya mahafali yangu ya ualimu. "Baba watoto, usije ukanisahau," alimwambia.

Baba akacheka, akavisukuma chini ya meza. "Mtu wa nyumbani aandikiwe kikadi cha nini? Nikusahau wewe?"

Akamsahau. Nasema wazi kwa sababu bado inaniuma. Siku ya mahafali mama alikuja na ndala, akasimama nyuma kabisa, gauni amelivuta chini lifunike vidole. "Mganga hajigangi," aliniambia, "na mkewe naye avumilie." Tukacheka. Ila picha alikataa katakata kupigwa. Miezi miwili baadaye presha ilimchukua, na picha ya siku ile sina.

Sasa nafundisha Kiingereza. Juzi nilikaa kibandani kwa baba nikisahihisha madaftari. Nilikuwa nimewapa wanafunzi lile neno la Kiingereza la kuthamini, walitungie sentensi. Baba akaniuliza maana yake.

"Ni kujua mtu au kitu kina thamani gani kwako," nikamjibu.

"Kujua tu?"

"Hapana, na kuonyesha. Huyu hapa kaandika kwamba anamthamini mama yake. Nimemwandikia pembeni: toa mfano, umemfanyia nini?"

Nilikusudia kumchoma, sitadanganya. Nilipomwona alivyoweka nyundo chini taratibu, nikajuta.

Aliinama, akapapasa chini ya meza, akaibuka na viatu vya mama. Vumbi lilikuwa limejaa hadi ndani. Alivifuta kwa kiganja, kimoja kimoja, akachukua kikadi kipya, akaandika jina la mama kwa herufi kubwa. Kisha kalamu ikasimama.

"Mwanangu," akasema, "hapa kwenye siku ya kuchukua, niandike lini?"

Nilikuwa nalia. Akapaacha wazi, akavitundika kwenye msumari wa kwanza, akaanza kutafuta uzi mweusi.