Mohsin Madatali, mtayarishaji wa muziki anayeazima masikio ya wanafunzi wake

Saa nne asubuhi, Jumanne. Nje, theluji ya juzi imeshageuka tope kando ya barabara. Ndani, katika studio iliyo chini ya jengo la muziki la chuo kikuu kimoja katikati ya Toronto, Mohsin Madatali ameketi mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, mikono yake miwili ikiwa magotini.

"Matoazi yanasemaje?" anauliza.

Gift, mwanafunzi wa miaka 21 aliyeketi kushoto kwake, anafumba macho kusikiliza. "Kama vitunguu vikiingia kwenye mafuta ya moto, anko."

"Mafuta mengi au machache?"

"Mengi. Too much."

"Basi punguza. Vitunguu viive, visiungue."

Darasa linacheka. Gift anasukuma swichi moja chini kidogo, anasikiliza tena, anaitikia kwa kichwa. Mikono ya Mohsin haijatoka magotini.

Mgeni akiingia hapa atadhani mzee anafanya mbwembwe za ualimu. Si mbwembwe hata kidogo. Mohsin ana miaka 66, ametunga na kutayarisha nyimbo za soul kwa zaidi ya miaka arobaini, na hasikii matoazi. Hasikii ndege dirishani, hasikii mlio wa mashine ya kupashia chakula nyumbani kwake Etobicoke, na hadi Novemba iliyopita hakujua kwamba hasikii.

Alikuja kujua kwa njia mbaya. Alimwaibisha mtoto wa watu mbele ya ukumbi mzima.

Mohsin alizaliwa Mwanza katika familia ya Waismailia na akaanza kuimba jamatkhana, nyumba yao ya ibada, kabla hajajua kusoma. Alifika Toronto mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Nyuma ya nyumba yao ya kwanza kulikuwa na kanisa la Wajamaika, na kila Jumapili kinanda cha kanisa hilo kilipenya ukutani.

"Nilikwenda kusimama nje nisikilize. Baridi ilikuwa inaniua," anasimulia. "Mzee mmoja akatoka akaniambia, kijana, ingia ndani utakufa. Nikaingia, nikakaa karibu na kinanda. Dini sikubadili. Ila baada ya siku ile nyimbo nyingine zote niliziona chapwa."

Kutoka hapo alijifunza soul, muziki wa Wamarekani weusi uliozaliwa kanisani, unaoimba mambo ya mtu na mtu kwa sauti ya kuomba. Alipiga kinanda katika bendi ya watu sita, akaanza kuwatungia nyimbo, kisha akawa ndiye anayekaa mezani kuwarekodi.

Nyumbani hawakufurahi. Kaka yake ni mfamasia, dada yake ana duka la miwani. "Kwenye harusi za ukoo tulikuwa tunatambulishwa kwa wageni: huyu daktari wa meno, huyu mhasibu, na huyu… huyu Mohsin," anasema, na anacheka hadi anakohoa.

Muziki haukumlisha. Kilichomlisha ni kiwanda cha makopo huko Rexdale, alikofanya kazi miaka 26 hadi kilipofungwa. Wafanyakazi walipewa vizibo vya masikio kila Jumatatu. Mohsin aliviweka mfukoni.

"Mashine namba tatu ilikuwa inagonga vizuri mno," anasema. "Pigo la pili na la nne zito, kama mpiga ngoma aliyeajiriwa na kampuni. Mimi nasimama pale kwa saa nane, makopo yanapita, na kichwani natunga. Nikivaa vizibo, wimbo unakatika. Msimamizi alinionya mara ngapi! Nikimwona anakuja navivaa, akiondoka navitoa."

Nyimbo zake zaidi ya thelathini zilizaliwa mbele ya mashine ile. Nyingine ziliimbwa na bendi za hapa mjini, nyingine hazikwenda popote. Leo, siku tatu kwa wiki, ni mhudumu wa jengo la ghorofa huko huko Rexdale: anabadilisha taa, anazibua mabomba, anaondoa theluji mlangoni. Jumanne ni siku ya chuo, na humletea dola 150.

Aliyemleta chuoni ni Evans Nyakundi, Mkenya anayefundisha muziki hapo. Miaka minne iliyopita alimsikia Mohsin akipiga kinanda kwenye harusi ya Watanzania, akamfuata hadi kwenye meza ya chakula. Chuo kilikuwa kinatafuta watunzi na watayarishaji wa soul waje kuwaonyesha wanafunzi kazi yenyewe, si historia yake.

"Watoto walikuwa wanajua kompyuta kuliko mimi," anasema Evans. "Walichokuwa hawajui ni kuandika wimbo wenye mtu ndani yake. Huyu mzee anawauliza maswali mpaka wanatoka jasho."

Nilishuhudia. Kijana mmoja alileta wimbo wa kuachwa na mpenzi. Mohsin akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: alikuachia wapi? Mlangoni? Kwenye simu? Ulikuwa umevaa nini miguuni? Kijana akasema alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine alikuwa anakitafuta. "Haya," Mohsin akamwambia, "nenda kaanzie kwenye hicho kiatu ulichokuwa unakitafuta."

Masharti yake ni machache. Wapigaji wote wanarekodi pamoja katika chumba kimoja, wakionana macho. Mstari ambao huwezi kumwambia mtu mezani ukila naye, usiuimbe. Na mchanganyaji wa sauti hamalizi kazi mpaka kila mtu chumbani amesema anachosikia.

Hilo la mwisho ni jipya. Limeanza Desemba.

Novemba, darasa lilifanya onyesho la kazi za muhula. Wimbo wa Gift ndio uliofunga. Gift alizaliwa Toronto na wazazi Watanzania, akakulia Lawrence Heights. Anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu akichanganya na Kiingereza. Alikuwa ameutunga wimbo huo na kuuimba mwenyewe. Rekodi yake ilipoanza kusikika ukumbini, watu walikunja nyuso. Matoazi yalikuwa yanachoma, sauti ya Gift inakwaruza. Bibi mmoja wa mstari wa mbele aliziba masikio kwa viganja.

Mohsin hakusikia kasoro yoyote, ila aliona nyuso. Alisimama, akachukua kipaza sauti, akawaomba watu radhi. "Nilimwachia Gift meza kwa muda," alisema. "Naona ameiharibu kazi."

Gift alikuwa mstari wa tatu, pembeni ya mama yake.

"Sikusema kitu," Gift ananiambia. "Nimelelewa hivyo. Huwezi kusimama mbele ya watu umwambie anko, ni wewe. Nililia kwenye basi mpaka home. Mama akaniuliza, mbona ulikuwa unafanya vizuri? Nikamwambia, I don't know, mama."

Jumanne mbili zilizofuata hakwenda darasani. Alijaza fomu ya kuhamia masomo ya biashara. Ilibaki saini tu.

Mohsin naye aliendelea kukasirika. Ili kulionyesha darasa kosa lilipofanyika, alimwomba Evans video ambazo idara hupiga wakati wa mazoezi. Waliitazama pamoja ile ya wimbo wa Gift, ofisini. Upande wa pili wa kioo kinachotenga chumba cha waimbaji alionekana Gift akiimba, mbali kabisa na meza. Juu ya meza ulionekana mkono wenye pete ya fedha, ukisukuma swichi za sauti kali juu, kisha juu tena.

"Niliijua pete yangu," anasema Mohsin. "Nikamuuliza Evans, unasikiaje hapo? Akaangalia chini. Akasema, mzee, inauma. Nikamuuliza, tangu lini? Akasema, tangu mwaka jana."

Evans hafichi kwamba ana lawama yake. "Tulinyamaza kwa heshima," anasema. "Wanafunzi walikuwa wanarekebisha kimyakimya akishaondoka. Siku ya onyesho hawakupata nafasi. Tulidhani tunamlinda, kumbe tumemwacha aanguke na mtoto wetu."

Daktari alimpima na kumwonyesha mchoro wa masikio yake. Mstari ulikwenda sawa kwenye sauti nzito, ulipofika kwenye sauti za juu ukaporomoka. Alimuuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye kelele. Mohsin anasema aliiwaza mashine namba tatu.

"Nilihuzunika," anasema. "Sitakudanganya. Kile kilichonipa nyimbo ndicho kilichokuwa kinakula masikio, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa navitoa vizibo."

Alikusudia kuacha kazi ya chuo bila kuaga. Mkewe, Shaila, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani wa benki, hakumzuia. "Nilimwambia kuacha ni ruhusa yake," anasema Shaila. "Lakini yule binti umemwacha na jina gani? Watu mia mbili wanaamini ni yeye."

Basi Jumamosi moja Mohsin alinunua boksi la haluwa, akapanda basi la Kipling hadi kwenye treni, akabadilisha mara mbili, akafika Lawrence Heights. Mama yake Gift, Valeria, alimkaribisha, akamwekea chai, na mzee alipotaja tu neno onyesho, akamkatiza.

"Nilimwambia yameisha, mzee, hata usijisumbue," Valeria anakumbuka. "Mtu mzima kama baba yangu aje kuniomba radhi sebuleni kwangu? Nilikuwa naona aibu mimi. Akaweka kikombe chini, akasema, mama, naomba unisaidie, niache nimalize. Nikiishia njiani sitarudi tena."

Alimaliza. Alisema ni mkono wake, si wa Gift. Alisema masikio yake yamekwisha juu na hakujua, na kwamba hata kama angejua, hakuwa na haki ya kumtaja mtu bila kumuuliza. Jumanne iliyofuata alirudia maneno hayo hayo mbele ya darasa, na Evans akayaandika kwenye barua aliyowatumia wote waliohudhuria onyesho.

Gift hakumrukia kwa furaha. "I told him nitafikiria," anasema. Alifikiria siku tatu. Kisha akamtumia ujumbe kwamba atarudi, lakini kwa sharti moja: yeye Gift akiwa mezani, mikono ya anko inakaa magotini.

"Nikaona huyu ndiye niliyekuwa namhitaji tangu mwaka jana," anasema Mohsin.

Siku hizi anavaa vifaa viwili vya kusaidia kusikia, vilivyomgharimu dola 3,800 hata baada ya msaada wa serikali. Vinamsaidia kuelewa watu wakizungumza. Kwa muziki havifai. Anasema kinanda kinakuwa kama kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kwa hiyo anawategemea wanafunzi. Wanamweleza wanachosikia, kwa maneno ya nyumbani, naye anaamua kifanyike nini. Anko hataki kuambiwa "kali" au "safi". Anataka vitunguu, mvua, kitambaa kinachochanwa. Evans anasema wanafunzi wameanza kusikiliza kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa kuna mtu anayehitaji majibu yao.

Kazi iliyo mbele yao imemnyima Mohsin usingizi. Aprili 18 darasa litafanya onyesho jingine, ukumbi ule ule, na wimbo wa kufunga utakuwa wake. Unaitwa "Sahani Iliyofunikwa". Aliutunga mwaka 1994 mbele ya mashine namba tatu na hajawahi kuurekodi.

Wimbo huo unamhusu Shaila. Kwa miaka mingi Mohsin alikuwa anaingia zamu Shaila anapotoka benki, na walionana vizuri Jumapili tu. Kila siku alikuta chakula mezani kimefunikwa kwa sahani nyingine, juu yake kipande cha karatasi. "Karatasi haikuwa na mapenzi, usifikiri," anasema. "Ilikuwa inasema, dengu ina chumvi kidogo, ongeza. Au, lipa umeme. Lakini ilikuwa mwandiko wake."

Anaogopa kwamba wimbo utatoka vizuri na yeye hatausikia wote. Analisema waziwazi, akivua miwani kuifuta. Gift ndiye atakayekaa mezani. Atakachosikia Shaila ukumbini ni kile Gift atakachoamua.

Saa sita kasoro, wanafanya jaribio la kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu aje chuoni, Mohsin anapita mlango na kwenda upande wa pili wa kioo, kwenye kinanda. Anavua vifaa vya masikioni, anaviweka juu ya kinanda kwa uangalifu. Sauti nzito anazisikia bado, na nyingine atazikumbuka. Wanafunzi wanne wanashika vyombo, wa tano kipaza sauti. Gift anainua mkono, anaushusha, na wimbo unaanza.

Mimi si mjuzi wa muziki, lakini nilisimama. Kinanda kile kinaingia polepole, kinakaa chini ya sauti ya mwimbaji. Wanafika kiitikio, wanakivuka, wanamaliza. Evans ana machozi na hajishughulishi kuyafuta.

Mohsin anageuka kumtazama Gift kupitia kioo. Amesahau kuvaa vifaa vyake, kwa hiyo anasubiri uso.

Gift hatabasamu. Anaamka, anazunguka hadi mlangoni, anakwenda kusimama mbele yake ili amsome midomo. Wanafunzi wengine wanaangalia sakafu. Mmoja anamvuta Gift sweta kwa nyuma.

"Anko," anasema, taratibu na kwa sauti. "Kwenye kiitikio umewahi. Umewaacha wenzako. Inabidi turudie."

Mohsin anamtazama kidogo. Kisha uso wake wote unafunguka, anapiga paja lake kwa kiganja.

"Miaka miwili," anasema, "nilikuwa nasubiri mtu aniambie hivyo."

Anaweka vidole mahali pake. Hasikii hesabu ya kuanza, kwa hiyo anamwomba Gift asirudi mezani kwanza. Gift anainua vidole vinne mbele ya macho yake, anaanza kuvikunja kimoja kimoja, na safari hii Mohsin anamsubiri hadi cha mwisho.