Sahani ya Mama Aliyechelewa

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ikinipata popote, narudi Karatu, kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa, nikiwa binti wa darasa la tatu. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma. Mama alifariki msimu ukiwa umepamba moto, kwa homa ambayo haikumlaza hata wiki.

Kaburini, meneja wa shamba alisema maneno machache kwa Kiingereza na nyapara akatafsiri. Nilidaka neno moja nililolijua: "late". Nyapara akasema "marehemu". Msinicheke, jamani, lakini nilimwona nyapara hajui kitu. Shuleni kwetu, ukikuta kengele imeshalia, ulisimama mlangoni ukasema, "Teacher, I am late," ukala viboko vyako, ukaenda kukaa. "Late" ni kuchelewa, nani asiyejua? Na aliyechelewa hufika.

Kwa hiyo sikulia. Akina mama wa kambini walinong'ona kwamba nina moyo mgumu. Haukuwa mgumu, ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya. Waliponisuka, hata sikusikia nywele zikivutwa.

Jioni nilimwambia baba, "Mama amechelewa. Mwekee chakula."

"Haya, mwanangu," akasema, akapakua ugali na mlenda kwenye sahani ya tatu, akaifunika. Asubuhi nilikula kiporo kile kabla ya kwenda shule. Ikawa hivyo kila siku, mpaka nikaingia darasa la nne.

Huko tukapata mwalimu mpya, mtu wa Mbulu, mpole. Siku moja akaandika ubaoni, "She came late," na chini yake, "My late mother." Akasema neno hili lina kazi mbili. Katika sentensi ya kwanza ni kielezi, linaeleza mtu alivyokuja. Katika ya pili ni kivumishi, linamweleza mtu mwenyewe, na mtu huyo ameshakufa. Akatuambia tunakili. Nilinakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Moyoni sikusikia chochote, ila vidole vilikuwa vya baridi.

Nyumbani nilimkuta baba akichambua maharage.

"Baba, kumbe nyapara alitafsiri sawa."

"Alitafsiri sawa, mwanangu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikuwa unaweka sahani?"

"Si uliniagiza wewe?" akasema, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Jioni ile alipakua sahani mbili. Akaziangalia, akainuka, akasema anakwenda kufunga banda la kuku. Alikaa huko mpaka ugali wake ukapoa. Mimi nilikula wangu nikaumaliza, nimemkasirikia kidogo kwa kuacha chakula kiharibike. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu mwenyewe, nilipokumbuka kwamba mwaka ule hatukuwa na kuku.