Magodoro Yaliyomngoja Mgeni Rasmi

Harufu ya godoro jipya la sponji, likiwa bado ndani ya nailoni, naifahamu kuliko harufu ya maandazi. Mwaka niliokuwa na miaka kumi, mimi na wenzangu tulikuwa tukitoka shule tunapitia ofisi ya kata, tunapanda juu ya matofali na kubandika pua zetu kwenye wavu wa dirisha la stoo. Ndani kulikuwa na magodoro thelathini, mekundu na ya bluu, yenye maua makubwa, yamepangwa mpaka karibu na dari. Yalikuwa yetu. Karani alijua ni yetu, mfagizi alijua ni yetu, na barua iliyokuja nayo ilisema hivyo kwa mhuri. Ila kuyalalia haikuwezekana, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajapata nafasi.

Kata yenyewe sitaitaja, maana baadhi ya waliokuwepo bado wapo, na wengine tunasalimiana sokoni. Niseme tu ilikuwa pembezoni mwa mji wa Mpanda, pale nyumba zinapoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi. Hapo palikuwa na nyumba ya akina mama na watoto wasio na pa kukaa. Zamani ilikuwa ghala la mahindi, na aliyeiendesha alikuwa Mama Yustina, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Sisi tulitokea Majimoto: mama, mimi na mdogo wangu Deus wa miaka mitatu. Baba alikuwa amefariki, na matanga hayajaisha ndugu zake wakawa wameshagawana majaruba yetu ya mpunga na kumwambia mama achague, arithiwe na shemeji yake au aondoke. Mama akaondoka. Alikuwa mtu wa kusema polepole, macho chini, na mpaka leo sijui alipata wapi moyo wa kupanda lori la mpunga na watoto wawili na sufuria moja.

Ghala lile lilikuwa na paa zuri na sakafu mbaya. Saruji yake ilinyonya unyevu wa mvua zote za Katavi, na mikeka tuliyotandika ilikuwa inaamka asubuhi imelowa kwa chini. Deus akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha kawaida, halafu kile cha kubana mbavu, mtoto anapumua huku tumbo linaingia ndani. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia mama kwa ukali kwamba mtoto huyu akiendelea kulala chini, dawa haitasaidia kitu. Mama akaitikia, "Ndiyo, daktari," akarudi kumlaza kifuani mwake, yeye mgongo kwenye saruji. Kwa hiyo lori la serikali lilipoleta magodoro, nilimwona mama anacheka kwa mara ya kwanza tangu Majimoto. Serikali ilikuwa imesikia, nakiri hilo, na ilisikia haraka. Shida ilianza kwenye mita mia tatu za mwisho, kutoka ofisi ya kata mpaka mlangoni kwetu.

Jamani, hii tabia yetu ya mgeni rasmi! Tukichimba choo cha shule, mgeni rasmi. Tukipanda miche kumi na miwili, mgeni rasmi, na miche inakauka kwenye viriba ikimsubiri. Mtendaji wa kata, mtu mpole kabisa aliyevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi kila siku, alituambia magodoro lazima yakabidhiwe rasmi, kuwe na turubai, viti, hotuba na picha ya kupeleka juu. Watoto tutunge wimbo. Tukautunga. Tukaimba Jumanne mgeni hakuja, alikuwa na kikao. Tukaimba Ijumaa, gari lilikuwa bovu. Wiki iliyofuata turubai lilikuwa limeazimwa kwenye harusi. Wimbo ule niliuimba mpaka nikauchukia, na kila tulipomaliza kuimba, stoo ilikuwa imefungwa vilevile na Deus alikuwa anakohoa vilevile. Mama Yustina akamfuata Mtendaji. "Mtoto ana kifua, Mtendaji. Tupe hata moja tu, mengine yasubiri." Mtendaji akamsikitikia kweli, nilimwona. Akasema, "Naelewa, mama. Lakini yakipungua, siku ya kukabidhi nitasema nini?"

Ukombozi ulikuja kwa makosa, na makosa yale ni sisi tu tungeweza kuyafanya. Jumatano moja tulipangwa tena mbele ya ofisi. Mtendaji alikuwa amepanda bodaboda kwenda kufuatilia soda. Mara likaingia gari jeupe, akashuka mzee mnene mwenye kanzu safi, koti na bahasha ya kaki mkononi. Hatukuhitaji kuambiwa. Mtu mwenye gari na bahasha ni nani kama si mgeni rasmi? Tukalipuka kwa wimbo. Akina mama wakapiga vigelegele, msichana mmoja akamvisha shada la maua ya karatasi, na karani akatoka mbio, akamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Mzee alikuwa Mzee Salumu, mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini. Alikuja kutafuta saini ya Mtendaji kwenye karatasi za kiwanja chake. Kila alipofungua mdomo kueleza, wimbo uliingia ubeti mwingine.

Wimbo ulipokwisha, karani akamwomba akabidhi. Mzee Salumu akatutazama, akatazama stoo iliyokwisha kufunguliwa, akamwona Deus mgongoni kwa mama anavyohangaika kupumua. "Haya magodoro ni ya hawa watoto?" akauliza. Karani akajibu ndiyo, mheshimiwa. "Sasa yanafanya nini humo ndani?" Mzee akasimama, akasema, "Bismillahi. Chukueni, wanangu." Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye hafla ya serikali, na mpaka leo sijasikia iliyo bora zaidi. Tulibeba magodoro vichwani na kutimua mbio, tukamwacha na shada lake shingoni na karatasi zake hazijasainiwa.

Saa kumi jioni Mtendaji alikuja na mgambo wawili na mkokoteni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapokumbuka. Alikuwa na huzuni. Alieleza kwamba mgeni rasmi wa kweli amethibitisha kuja mwezi ujao, na hatuwezi kumpa akabidhi vitu vilivyokwisha kukabidhiwa, itakuwa aibu kwa kata nzima. Mama Yustina alifoka mpaka majirani wakatoka nje, lakini mgambo waliendelea kubeba, wakihesabu, na nailoni tulizokwisha kuzichana wakaziokota pia, eti yafungwe upya. Wakafika kwa mama. Alikuwa amelala juu ya godoro la bluu na Deus kifuani, mtoto amepitiwa na usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mama, tupishe," akasema mgambo. Mama hakuinuka. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, "Nibebeni nalo. Si mna nguvu nyie? Niwekeni kwenye mkokoteni na mwanangu, mkatufungie stoo, huyo mgeni akija atukabidhi wote." Mgambo akamtazama Mtendaji. Mtendaji akawaashiria waliache. Halafu wakaondoka na magodoro ishirini na tisa.

Mgeni rasmi alikuja baada ya wiki sita. Alikuwa mtu mzuri, alihutubia kwa ufupi na kupiga picha akiwa amembeba mtoto mmoja aliyekuwa analia. Deus alipona kwa godoro lile moja, ambalo kwa wiki zote hizo watoto watano wadogo walilalia pamoja, wakipangwa kwa upana. Taarifa ya kata ilisema yamekabidhiwa thelathini. Sasa Deus anaendesha bajaji mjini, ana kifua kipana kama mlango, na hadithi hii akiisikia anaicheka. Mimi siicheki sana.

Siicheki kwa sababu leo mimi ni afisa maendeleo ya jamii, katika wilaya nyingine, na ninayo ofisi yenye feni na kalenda ukutani. Mengi yamebadilika. Nyumba za namna ile sasa zina mstari wao kwenye mipango yetu, maafisa ustawi wanazitembelea, na mjane akifukuzwa anajua pa kwenda kushtaki. Lakini mwezi uliopita tulipokea mablanketi ya nyumba moja ya akina mama. Yakaingia stoo, na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikaandika barua ya kumwalika mgeni rasmi. Akaahirisha. Nikaandika nyingine. Baridi ya mwezi wa sita ikaingia, na mlezi wa nyumba ile akanipigia simu mara mbili kuuliza, nikamjibu kwa upole kwamba naelewa, ila utaratibu. Niliposikia hilo neno kinywani mwangu nilikosa raha siku nzima. Jioni nikampigia mama, nikamweleza yote: mkubwa wangu anataka picha, barua zimeshatoka, watoto wanalala kwa baridi, na mimi nafanyaje. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Siku hizi hasemi polepole tena.

"Ufunguo wa hiyo stoo anao nani?" akauliza.

"Ninao mimi, mama."

"Sasa mimi unanipigia simu ya nini?"