Mama wa Kondoa alipotaka namba ya mpelelezi niliyemtunga

Wakuu, habari za mihangaiko. Nimechoka, kwa hiyo naandika ilivyokuwa, sina nguvu ya kutia chumvi.

Naishi Area D hapa Dodoma, mtumishi wa umma. Pembeni natunga riwaya za upelelezi. Mhusika mkuu ni Dk. Sekela, mwanaakiolojia anayefukua mifupa na kuwasaidia polisi kujua marehemu alikuwa nani. Series imefika kitabu cha nne.

Mwaka huu akanipigia mama mmoja wa Kondoa, Bi. Zuhura. Mwanawe alienda kuvua samaki bwawa la Mtera, hakurudi. Sasa maji ya bwawa yamepungua na mifupa ya mtu imeonekana kwenye tope. Binti yake humsomea vitabu vyangu, na namba yangu waliikuta nyuma ya kitabu.

"Nipe namba ya huyo daktari, mwanangu."

"Mama, huyo nimemtunga tu. Hayupo."

Akasema, "Basi njoo wewe uliyemtunga."

Ningekataaje, wakuu?

Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka polisi. Akachukuliwa sampuli ya DNA, tukaambiwa tusubiri.

Kwenye vitabu vyangu majibu hutoka kabla chai haijapoa. Huku ni njoo wiki ijayo, njoo mwezi ujao, na kila ukifika unamkuta afisa mwingine, unaanza kueleza upya. Muda wote huo alikaa kwangu. Wife akamzoea kabisa.

Majibu yakatoka. Si mwanawe.

Nilidhani atashukuru. Akakaa chini palepale kwenye korido, akalia. "Nilitaka niache kumsubiri," akasema.

Nikataka kumpeleka stendi apande basi la Kondoa. Akagoma. "Na huyu atazikwa na nani?"

Polisi waliporuhusu, tukaenda Mtera kuizika ile mifupa. Dini ya marehemu hatukuijua, so Bi. Zuhura akasoma dua, mvuvi mmoja Mkristo naye akasali. Tukafukia.

Kitabu cha tano kimekwama. Nilichojifunza ni kwamba miaka yote nimeandika mifupa kama fumbo, anayesubiri nyumbani sikuwahi kumpa hata ukurasa.

Yule tuliyemzika bado hana jina. Kama umepotelewa na ndugu upande wa Mtera, usiogope, nenda polisi ukatoe sampuli.

Na mliowahi kumsubiri mtu hivi, mliishije? Semeni hapa chini. Bi. Zuhura bado ananipigia, na mimi nitamsomea majibu yenu.