Bafle Mbili Nyuma ya Kochi

Muuzaji wa duka la vyombo vya umeme, katikati ya mji wa Kolwezi, alimshauri Wivine Ngeleka aitupe ampli yake, mashine ya kukuza sauti ya muziki. Alisema kwa adabu, huku akipangusa vumbi kwenye kisanduku kirefu cheusi kilicholala chini ya televisheni.

"Mama, ile ya zamani iko na bafle mbili tu. Sauti ya kuzunguka nyumba haiwezi kutoka mule. Uiache, ukamate hii."

Wivine alimshukuru, akatoka. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa bobinaji: kutoa waya za shaba zilizoungua ndani ya mota na kuzungusha mpya. Mota nyingi zilizopita mikononi mwake zilikuwa za pampu zinazonyonya maji katika mashimo ya mgodi wa Mashamba. Karakana yao ilikuwa na mafundi tisa, mwanamke yeye peke yake, na mota iliyowashinda wengine ililetwa mezani kwake. Alipozungusha waya alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Ukimsalimu katikati ya hesabu hakujibu mpaka afike mwisho, na wageni walimdhania ana kiburi. Mtu wa namna hiyo hatupi chombo kizima kwa sababu tu ameambiwa kimezeeka.

Haja yake ya sauti ya kuzunguka ilianzia Fungurume, kwa binti yake Glodie, aliyeolewa na dereva wa lori. Walikuwa wakiangalia filamu, helikopta ikapita nyuma ya kichwa chake. Wivine akageuka. Ukutani aliona bafle, yaani spika, ndogo kiasi cha tofali. Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe Omer habari ya helikopta hiyo wakati wa bukari, ugali wa mchana, akamweleza tena jioni, na kesho yake akaanza upya.

"Mama Glodie, sisi tuko na muziki muzuri," Omer alimwambia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipenda vitu vibaki pale vilipo. "Bafle mbili, masikio mbili. Unataka nini tena?"

"Nataka ya nyuma."

Muziki wao ulikuwa ampli yenye uso wa rangi ya fedha, mashine ya kaseti, na bafle mbili za mbao zilizomfikia mtu kiunoni. Waliununua mwaka uliofuata harusi yao, na haukuwahi kuharibika.

Aliyemfungulia njia ni tata Mulumba, mzee aliyetengeneza radio Kolwezi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Mutshatsha kulima. Wivine alimpigia simu. Mzee alicheka kwa raha. Inaelekea hakuna aliyemuuliza swali la ufundi tangu ashike jembe.

"Ampli yako inatosha," alisema. "Kamata bafle mbili zingine, uzifunge mustari moja. Waya ya mwanzo uitie kwa plus ya kushoto, ile nyekundu. Ya mwisho uitie kwa plus ya kuume. Zile moins nyeusi usiziguse. Lakini upime kwanza. Kama moins mbili zimeungana mule ndani, ni sawa. Kama haziungane, uache, utaunguza ampli."

"Na hizi za nyuma zitasema nini?"

"Kitu chenye kiko sawa kushoto na kuume kitajifuta. Chenye kinatofautiana, njo kitabaki."

Wivine alikata simu vidole vikimwasha. Aliweka ncha za kipimo cha umeme kwenye zile nyeusi mbili, za hasi, na kipimo kikalia. Zilikuwa zimeungana.

Bafle za nyuma zilitoka kwa jirani yake Rachida, muuza vitenge, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Mumewe, Amadi, alikuwa na mabasi mawili ya abiria wa njia ya Lubumbashi, na spika za basi moja lililokufa zilikuwa zimelala stoo. Rachida alizileta mwenyewe, zimeviringishwa ndani ya kitenge.

"Siku bafle zitasema, uniite," alimwambia Wivine. "Nisiambiwe na batu."

Wivine alitengeneza visanduku vyake kwa mbao za lile gurudumu kubwa linalozungushiwa kebo za mgodini. Alikata, akapiga msasa, akatoboa matundu mawili ya mviringo. Omer alimshikia mbao upande wa pili, akisema kwamba anasaidia mbao, hasaidii wazo.

Jumamosi moja ya Julai, saa nane mchana, Rachida aliitwa. Alikaa kwenye kochi, visanduku viwili vikiwa nyuma yake, kila kimoja juu ya kigoda. Wivine akawasha radio. Mbele muziki ulitoka vizuri kama siku zote. Nyuma, kimya. Alitega sikio kwenye kisanduku. Hata mnong'ono haukuwapo. Alikagua viungo vyote, akavikaza upya, akawasha tena. Kimya. Wivine hakuzoea kushindwa mbele ya mtu. Akampigia tata Mulumba.

"Unapiga nini?" mzee aliuliza.

"Radio."

"Hiyo radio inatuma kitu moja kushoto, na kitu ileile kuume. Moja utoe moja, inabaki ngapi?"

"Bule."

"Njo hiyo unasikia. Waya zako ziko muzuri. Weka kitu chenye balikamata na mikro mbili."

Wivine alicheka mpaka akashika ukuta. Alijua kitu kimoja cha namna hiyo ndani ya nyumba. Stéphane, mdogo wake Omer, alirekodi harusi yao kwa mikro, yaani maikrofoni, mbili, moja kila upande wa kanisa. Kaseti ilikuwa kabatini. Walikuwa wameacha kuipiga zamani, maana ilichachatika kama mafuta kikaangoni, wakaamini imeharibika.

Aliitia. Padri akaanza kusema mbele, safi, katikati. Kisha ule mchachatiko ukatokea nyuma ya kochi, ukatanda upande huu na upande huu. Rachida aliinua macho kwenye dari.

"Mvula," alisema taratibu.

Mlango wa chumbani ulifunguka kwa nguvu. Omer, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alipita mbele yao peku, beseni mkononi, akaruka nje kwenye mihogo iliyoanikwa. Walimsikia akiitupa haraka haraka ndani ya beseni. Kisha hawakumsikia tena. Julai Kolwezi haina tone la mvua, na mbingu ilikuwa ya buluu tupu. Alirudi polepole, beseni kiunoni.

"Nani anamwaga maji kwa mabati?" aliuliza.

"Ni mvula ya siku tulioana," Wivine alisema, kicheko kikamkata maneno. Rachida alikuwa amefunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika.

Omer aliweka beseni chini, akakaa katikati yao. Sasa kanisa lilikuwa limewazunguka. Benchi lililia upande wa kuume, mtu akakohoa, mtoto akatolewa nje akilia, na juu ya yote mvua ile ya Februari. Kisha vigelegele vikatoka kushoto, karibu kabisa, vyembamba, vikikatika mwishoni. Wivine alisimama. Ilikuwa sauti ya mama yake, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Katika bafle mbili za mbele sauti hiyo ilimezwa na umati, hakuwahi kuitambua. Alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza mara tatu, Rachida amemshika mkono.

Omer alipiga magoti kwenye kisanduku cha nyuma.

"Huku batu beko, mvula iko, lakini mi siko," alisema. "Padri anauliza, na hakuna mwenye anajibu."

"Ulikuwa katikati, umejifuta," Wivine alimwambia. "Ukitaka kusikia ulikubali, rudi mbele."

Alirudi mbele, akaomba kaseti ianze upya. Ilipofika kwenye kiapo chake alitikisa kichwa, ameridhika. Baadaye akachukua daftari, akamchorea Rachida mistari miwili, kushoto kutoa kuume, akifafanua kwa bidii kubwa kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Wivine alimwacha. Alikuwa akipekua kabati, akitafuta kaseti nyingine za kujaribu.

Jumapili, baada ya misa, alibeba waya na kipimo kwenda kwa Rachida, aliyetaka na yeye bafle za nyuma. Amadi alikuwa ameshasogeza kabati kutoka ukutani na kuweka kiti katikati ya sebule, naye amekaa juu yake.

"Mama Wivine, mi nakaa hapa," alisema. "Waya zipite wapi?"